Skrubu si msumari, jamani!

Nimerudi Dar juzi usiku nikitokea Mafia, na kabla hasira hazijapoa naomba nizimwage hapa. Mhariri alinituma kule kuandika habari za papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa anayeonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Habari ya papa imeshakwenda gazetini, mtaisoma. Hii ya leo gazeti halitaichapa, maana inahusu mlango wa bafu.

Ndiyo, mlango wa bafu. Vumilieni kidogo.

Nilifikia nyumba moja ya wageni pale Kilindoni (jina nalificha, mwenyewe ni mtu mwema na chai yake ya tangawizi nitaikumbuka). Nyumba mpya kabisa, rangi bado inanuka. Asubuhi ya kwanza naingia kuoga, navuta mlango, mlango ukanifuata. Sitanii. Ulitoka mzima na bawaba zake, ukaniegemea begani kama mlevi anayetafuta wa kumsindikiza nyumbani. Nikausimamisha ukutani, nikachutama na taulo langu kukagua. Skrubu sita zilikuwa zimetoka nzima nzima, hakuna iliyokatika wala iliyopinda. Nyuzi zake zimejaa unga wa mbao. Matundu kwenye fremu ni mapana, ukirudisha skrubu kwa kidole inazama yote na bado inacheza. Halafu nikatazama vichwa vyake, na hapo ndipo nilipoelewa. Vimepondeka, na ile alama ya msalaba haina hata mkwaruzo mmoja wa bisibisi.

Zilipigwa nyundo.

Fundi akaitwa. Akaja kijana wa rika langu, mchangamfu, begi begani. "Ondoa shaka kaka, hii dakika mbili tu." Akatoa skrubu nyingine, ndefu kuliko za kwanza, zile nyeusi za jipsamu ambazo siku hizi ndiyo dawa ya kila kitu nchi nzima. Akatoa nyundo. Nami pale pale nikaona, chini kabisa ya begi, drili ya betri. Si toi, drili ya maana, yenye gia mbili na ile pete ya namba kwenye shingo.

"Kaka, mbona hutumii hiyo?"

"Hii ya kutobolea. Ukifungia skrubu inakula vichwa."

"Hebu tuone."

Hakusita. Akachomeka biti, akaweka skrubu juu ya mbao, akabana kitufe mpaka mwisho. Mashine ikalia kama pikipiki ya mashindano, biti ikaruka ruka ndani ya msalaba, na kufumba na kufumbua msalaba umegeuka shimo la duara. Skrubu imesimama nusu, haiendi wala hairudi. Akanitazama kwa ushindi. "Si nilikwambia?"

Sasa hapa msomaji mwenzangu wa mjini, uliyesoma, unayejua kila kitu, najua unachotaka kusema. Mafundi wetu wababaishaji. Mafundi wetu hawana elimu. Nimeshausikia wimbo huo kwenye daladala, kwenye harusi, na kwenye chumba chetu cha habari ambako nusu ya waandishi hawajawahi kubadilisha hata balbu. Mimi nasema wimbo huo ni uongo, na mwongo si fundi. Ila kwanza tukubaliane kuhusu skrubu yenyewe, maana nimegundua watu wengi wanaitumia bila kujua inashikaje.

Msumari unashika kwa sababu mbao umeubana pembeni. Umeingia kwa nguvu, nyuzinyuzi za mbao zimesukumwa na zinataka kurudi zilikokuwa, basi zinaukaba. Skrubu haishiki hivyo. Ile nyuzi inayoizunguka inajichimbia ngazi yake ndani ya mbao, na kila mzunguko unakaa kwenye kidato chake. Ukitaka kuing'oa kwa kuivuta, itabidi ung'oe na mbao iliyokaa katikati ya vidato. Ndiyo maana skrubu sita ndogo zinaubeba mlango mzito miaka ishirini. Sasa chukua hiyo hiyo skrubu uigonge kwa nyundo: nyuzi hazichimbi ngazi, zinachana kila kitu njiani. Unabaki na tundu lenye upana wa nyuzi, lililojaa unga, na ndani yake kuna chuma kisichoshika chochote. Hapo umenunua skrubu kwa bei ya skrubu ukapata kitu dhaifu kuliko msumari. Afadhali ungepiga msumari, angalau ungekuwa mkweli.

Na drili? Drili ya namna ile haikutengenezwa izunguke kwa kasi moja. Kitufe chake ni kama mafuta ya gari: ukikigusa kidogo inazunguka pole pole, ukikibana inakimbia. Gia namba moja ina nguvu na haina haraka, mara nyingi inaishia mizunguko mia nne au mia tano kwa dakika. Gia namba mbili ndiyo ya mbio, inapita elfu moja, na hiyo ni ya kutoboa matundu. Fundi wangu alikuwa gia ya pili, kitufe mpaka mwisho, juu ya mbao ambayo hajaitoboa. Kama si kichwa kuliwa, skrubu ingekatika shingo. Zile nyeusi za jipsamu hasa zinakatika kama njiti, kwa sababu chuma chake kimekaushwa kikawa kigumu lakini hakina unyumbufu. Kazi yake ni kushika karatasi ya jipsamu. Kubeba mlango ni shughuli nyingine, tena kisiwani, ambako upepo wa chumvi utaila kutu kabla mpangaji wa pili hajahamia.

Msinione mtaalamu. Miaka miwili iliyopita nilipohamia chumba changu Sinza nilinunua drili Kariakoo kwa mbwembwe zote, nikataka kufunga rafu ya vitabu. Niliharibu skrubu kumi na moja kwa mkupuo. Nilizihesabu, nikazifagia, nikamwambia jirani kwamba mashine ni feki. Aliyenifungua macho ni fundi fenicha mmoja wa Keko, mzee wa makamo, ambaye hakunihubiria chochote. Alichukua ile ile mashine "feki" akanifanyia mbele yangu. Alitoboa kwanza kwa biti nyembamba, kama milimita mbili na nusu kwa skrubu ya milimita nne. Kwa mbao ngumu kama mninga akasema ongeza kidogo, fanya tatu. Akapaka skrubu sabuni ya mche. Akashusha gia mpaka moja. Akazungusha ile pete ya namba iwe chini, akaeleza kwamba ni klachi: ikifika nguvu uliyoiwekea inatoa mlio wa ta-ta-ta na kuacha kuzungusha, ili usiipitilize skrubu. Ikiacha mapema mno, unaongeza namba moja moja mpaka kichwa kilale sawa na mbao. Kisha akaegemea mashine kwa uzito wa bega, akagusa kitufe. Ilianza kwa mwendo wa mtu anayenyonga baiskeli mlimani. Ikashika. Akaongeza. Karibu na mwisho akapunguza tena. Skrubu ikalala. Sekunde nane.

Kuna jambo lingine alilonionyesha ambalo hata wauzaji wa Kariakoo wengi hawalisemi. Misalaba ni ya aina mbili. Upo ule wa kawaida, Phillips, uliopewa jina la Henry F. Phillips wa Marekani aliyepata hati zake za ubunifu mwaka 1936. Na upo mwingine, Pozidriv, wenye vimistari vinne vidogo kati ya mikono ya msalaba. Ukiutazama juu juu ni ule ule. Biti ya huu haikai vizuri kwenye skrubu ya ule. Ukilazimisha itaruka, kichwa kitaliwa, nawe utailaumu mashine kama nilivyoilaumu mimi.

Hayo yote yalinichukua nusu saa kujifunza. Nusu saa! Nimekaa chuo kikuu miaka mitatu na hakuna aliyenipa nusu saa yenye faida ya namna hiyo. Shule ya msingi tulikuwa na somo la stadi za kazi, tukaagizwa tulete ufagio wa chelewa tuliousuka wenyewe. Mama akanunua sokoni, nikapewa vema. Na hii ndiyo nchi iliyotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ikasema msomi asitenganishwe na kazi ya mikono. Tumetenganishwa, tena kwa sherehe na joho.

Turudi Mafia, maana bado sijafika kwenye kilichonikasirisha hasa.

Siku ya tatu nilivuka kwenda Jibondo. Wasioijua: ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kusini mwa ghuba ya Chole, na kwa mambo ya kuunda vyombo vya baharini kina jina pwani nzima. Pale ufukweni nilimkuta mzee anaunda mashua na vijana wawili. Nikamwamkia, akaitikia, nikaketi kwenye gogo kumtazama. Mkononi alikuwa na keke. (Fundi wa Keko na keke ya Jibondo, mnisamehe, sikupanga.) Kwa wasiowahi kuiona: ni mti wa mviringo wenye ncha ya chuma, umezungushiwa kamba ya uta. Mkono mmoja unakandamiza kishikio cha juu, mwingine unasukuma na kuvuta uta, na ncha inazunguka huku na kule ikila mbao.

"Shikamoo tena mzee, naomba kuuliza. Kwa nini usipige msumari moja kwa moja?"

Akacheka. "Mwanangu, ukipiga bila kutoboa ubao unapasuka. Ukipasuka nani ataingia chomboni, wewe?"

Nikatazama kwa muda mrefu. Anaanza uta pole pole mpaka ncha ikae. Halafu anakimbiza. Akihisi anakaribia upande wa pili anapunguza, ili asing'oe vibanzi vinapotokea. Tundu ni jembamba kidogo kuliko msumari. Msumari unaviringishiwa pamba yenye mafuta, unaingia kwa kubana, maji hayapiti. Hana kitabu cha maelekezo, hana cheti, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unafanya kile kile anachofanya mzee wa Keko kwa kidole cha shahada. Kuanza taratibu, kukimbia, kupunguza. Mwaka 1917 kampuni ya Black & Decker ilipata hati ya drili ya umeme yenye mshikio wa bastola na kitufe cha kidole, dunia ikashangilia. Fundi wa keke kasi ya chombo chake ilikuwa mkononi mwake muda wote, karne nyingi kabla ya hapo.

Kwa hiyo msiniambie kwamba elimu haipo. Ipo, tena kwenye kisiwa hicho hicho, safari fupi ya boti kutoka ulipoangukia mlango wangu. Kilindoni wanapigilia skrubu nyundo, na Jibondo mzee hawezi kupiga hata msumari bila kutoboa kwanza. Tofauti yao ni nini?

Nilimuuliza yule kijana wa mlango. Sikumuuliza kwa ukali, tulikuwa tumekaa barazani tunakunywa chai. Akanipa hesabu. Mwenye nyumba alimlipa kwa mlango, si kwa siku. Milango kumi na miwili. Bei ilikuwa imeshapunguzwa mara mbili kabla hajaanza, maana kulikuwa na fundi mwingine aliyesema atafanya kwa nusu. Kila mlango una bawaba tatu, bado kitasa, bado komeo. Ukitoboa kila tundu, ubadilishe biti, ufunge, urudishe biti, mlango mmoja unakula nusu ya siku. Kwa nyundo unamaliza minne. "Kaka, angenilipa za kutoboa ningetoboa. Yeye anauliza tu utamaliza lini."

Na drili? Aliinunua kwa mtu, kuukuu, bila kijitabu. Hata kama kingekuwepo kingekuwa kwa lugha asiyoisoma. Pete ya namba alidhani ni ya kubadilishia biti. Hakuna aliyemwambia, kama ambavyo hakuna aliyeniambia mimi mpaka nilipoharibu zangu kumi na moja.

Sasa mwenye nyumba nani? Mwenye nyumba ni sisi. Ni mimi niliyemwambia fundi wa Sinza "punguza kaka, skrubu nne tu hizo". Ni wewe unayelipa elfu kumi na tano kwa glasi ya kahawa yenye povu pale Masaki, kisha unasimama mlangoni mikono kiunoni kubishana na fundi juu ya elfu tatu, na akikubali unajiona mjanja. Unadhani hiyo elfu tatu ameitoa kwenye faida yake? Ameitoa kwenye tundu. Fundi akipunguziwa bei hapunguzi skrubu, maana skrubu utazihesabu. Anapunguza kile usichokiona. Halafu mlango ukikuangukia unaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba Watanzania hatupendi kazi.

Wapo watakaosema mambo haya ni madogo. Mlango wa bafu! Nchi ina matatizo makubwa, mwandishi mzima anaandika skrubu. Sawa. Nyanyua macho basi kutoka mlangoni utazame paa. Mabati nayo siku hizi yanafungwa kwa skrubu, zile zenye kichwa cha pembe sita na mpira chini yake, na ni kitu kizuri sana, zinashika upepo ukivuta kuliko msumari wa mwavuli. Lakini nazo nimeziona zikipigwa nyundo, kwa macho yangu, mpira umepasuka na bati limebonyea. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia. Safari hiyo kilikuwa kimeshapungua nguvu. Kingine sijui kitakuja na heshima gani, ila najua upepo hauulizi bei mliyopatana.

Wengine watasema ni ushamba wa kupenda vifaa, mababu zetu walijenga bila drili. Kweli, walijenga bila drili. Ila hawakujenga bila kutoboa, muulizeni mzee wa Jibondo. Mtepe wa zamani haukuwa na msumari hata mmoja, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi, na kila mshono ulihitaji tundu lililotobolewa kwa mkono. Fikiria chombo kizima! Anayetetea nyundo kwa jina la mababu anawasingizia marehemu.

Na yupo rafiki yangu, mhandisi, nilimsimulia kwa simu akasema dawa ni sheria: ukaguzi, leseni, kila fundi awe na cheti cha VETA. Sipingi vyeti, na VETA ipo tangu mwaka 1994, imewafundisha wengi. Lakini mpe yule kijana cheti leo, umpe na milango kumi na miwili kwa bei ile ile, na mwenye nyumba yule yule anayeuliza "utamaliza lini". Atakitundika cheti ukutani kwa msumari, aichukue nyundo.

Mlango wangu uliishaje? Tulikaa naye asubuhi ya siku ya nne. Matundu ya zamani tuliyajaza vijiti vya mninga tulivyovipaka gundi, tukaacha vikauke mpaka baada ya chakula cha mchana. Nikamwonyesha gia ya kwanza, nikamwonyesha ile pete. Skrubu ya kwanza aliibana sana, klachi ikalia ta-ta-ta, akashtuka akadhani ameiua mashine. Ya pili ikalala. Ya tatu alinisogeza pembeni kwa kiwiko, kwa adabu, kama mtu anayesema sasa nipishe nifanye kazi yangu. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu tangu mwanzo. Alipomaliza akaufungua mlango na kuufunga mara nne, bila neno, kisha akaenda kuutazama mlango wa chumba cha pili, na wa tatu. Nikamsikia anaguna.

Jioni mwenye nyumba akaja. Akausukuma mlango kwa kidole, ukaenda, ukarudi, kimya. Akafurahi. Akauliza bei. Fundi akataja elfu kumi.

"Elfu kumi?" Akanigeukia mimi nisaidie kushangaa. "Skrubu sita tu hizi, mwanangu. Elfu kumi ya nini?"